Saa Mbili ya Mama Clare

Ukitaka kumkasirisha Sylvance Odongo wa mtaa wa Jericho, mwite karani. Atakutazama juu ya miwani, kisha atakunjua viganja mbele ya uso wako akuulize kama umewahi kuona karani mwenye mikono kama hii. Grisi kwenye kucha, kovu la cheche kwenye kidole gumba. Wala usicheke. Mikono hiyo ameitafuta uzeeni, wakati wenzake wa rika lake wanatafuta kiti chenye mto.

Maana ukweli, jamani, karani alikuwa. Alitoka Ugenya kijana mwembamba mwenye cheti na koti la kuazima, akaandikwa kwenye stoo ya reli, na hapo ndipo ujana wake wote ulipoishia: nyuma ya dirisha la wavu, akiwapa mafundi bolti, nati na mafuta ya kulainishia. Upande wa pili wa ukuta yalikuwa makerezo. Kerezo, kwa asiyelijua, ni mashine inayozungusha chuma kwa kasi huku kisu kikikimenya, maganda yakianguka yamejikunja kama ya viazi. Sylvance aliyasikia makerezo hayo mchana kutwa. Kila alipopata kisingizio cha kupeleka kitu karakana, alisimama kwenye mstari wa njano akatazama mpaka msimamizi akamkumbusha kwamba karani ana kiti chake. Alirudi kwenye kiti. Lakini moyo ulibaki kule kule.

Nyumbani, mwenye mashine alikuwa mkewe. Roseline Adongo, binti wa Gem, aliingia kwenye ndoa na cherehani ya miguu aliyoachiwa na mama yake, nyeusi, yenye maua ya dhahabu yaliyofifia ubavuni. Kwa cherehani hiyo alishona sare za shule za nusu ya mtaa na mapazia ya nusu nyingine, na kwa cherehani hiyo hiyo binti yao wa pekee, Clare, alisomeshwa mpaka akawa muuguzi huko Kisumu. Ukipita mlangoni kwao asubuhi ulisikia taka-taka-taka, ukajua Mama Clare ameamka na hajambo. Siku isiposikika, majirani walibisha hodi.

Sylvance alipostaafu, wakubwa walisema maneno mengi, wakampa soda, keki na saa kubwa ya ukutani, upana wa sahani ya ugali wa watu wanne.

“Mtu umemtoa kazini halafu unampa saa!” Roseline alisema usiku huo, akiigeuza-geuza. “Aangalie nini sasa? Aone vile anachelewa kwenda pahali hapaendeki?”

Hata hivyo ilitundikwa juu ya televisheni, ikawa pambo la nyumba.

Lakini Sylvance hakuhitaji kuonyeshwa pa kwenda. Kabla keki haijaisha alikuwa Kariobangi, kwenye uwanja wa Nabalayo, mama wa Kibukusu anayeuza vyuma chakavu na mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Huko, chini ya milango ya magari yaliyokufa, alikuwa ameona kerezo dogo, urefu wa kitanda cha mtoto, lililotoka kwenye shule fulani iliyofunga darasa lake la ufundi. Alilizunguka kama mtu anayechumbia. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa kitu kimoja: ile bangili ya namba inayokaa kwenye mkono wa kusogezea kisu, inayokuambia kisu kimeingia kiasi gani. Mahali pake palikuwa patupu.

“Hiyo ni kama saa bila namba, Baba Clare,” Nabalayo alimwonya. “Itafanya kazi, lakini hutajua imefika wapi.”

“Nitatengeneza mwenyewe,” Sylvance alisema. Tazama jinsi mtu anavyojitakia balaa.

Kerezo lilifika Jericho juu ya mkokoteni. Roseline alitoka nje na sindano kifuani, akasimama mikono kiunoni.

“Hiyo ni nini?”

“Ni kerezo, Nyar Gem.” Akimwita hivyo, binti wa Gem, ujue anaomba kitu.

“Inapika?”

“Hapana.”

“Inafua?”

“Hapana.”

“Sasa inaingia kwangu kufanya nini?”

Lilikaa uani, chini ya paa la mabati, na likaanza kufanya mambo. Lo, raha aliyokuwa nayo mzee yule! Alikereza vishikio vya milango, pia za kuchezea, vifuniko vya chupa ambazo hazikuhitaji vifuniko. Aliimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya nne, akipitwa na noti za juu bila aibu. Ila kila kitu alikadiria kwa jicho, na jicho la karani si jicho la fundi. Alimtengenezea jirani yake Ndindi vishikio vya kabati, na kila kimoja kilikuwa na unene wake. Ndindi, mama anayeuza sukumawiki mlango wa pili, alishukuru kwa adabu, kisha akamwuliza Roseline kando kama hivyo ni vya kabati moja au vya makabati tofauti.

Ndipo Sylvance alipoanza kubuni namba zake. Kwanza alikata kadibodi mviringo, akaigawa kwa penseli na rula. Alipofika mwisho wa duara, nafasi iliyobaki haikutosha alama wala haikukubali kuachwa. Ilikaa pale kama mgeni asiyeaga. Akachukua kifuniko cha sufuria, akakizungushia karatasi yenye mistari, akakiweka kwenye mkono wa kerezo. Siku mbili baadaye Roseline alitaka kupika wali.

“Baba Clare, kifuniko changu kiko wapi?”

“Kiko kazini.”

“Kazini!” Alienda uani akakibandua mwenyewe, alama na gundi na vyote. Wali ulinukia gundi.

Mambo yangeendelea hivyo, vichekesho tu, kama cherehani haingekufa.

Ilianza kuvunja sindano. Roseline akabadilisha moja, ikavunjika, nyingine, ikavunjika. Sylvance alipoifungua akaona bushi imeliwa. Bushi ni kijipete cha shaba kinachoshika mhimili ili usiyumbe. Hicho kikilika, mhimili unacheza, na sindano haishuki kwenye tundu lake, inagonga chuma. Roseline alizunguka mjini kwa wauza spea wote, na wote wakamjibu neno moja: cherehani ya umri huo haina spea, Mama, hiyo iweke sebuleni uweke maua juu.

Na hapo ndipo ilipouma, maana majoho ya kwaya ya akina mama yalikuwa yamekatwa, yamelazwa kitandani rangi ya zambarau, na Jumapili iliyokuwa inakuja ndiyo waliyopaswa kuyavaa mbele ya kanisa zima. Roseline mwenyewe ndiye alikuwa ameahidi. Nyumba ikawa kimya. Ndindi akabisha hodi asubuhi kuuliza kama kuna mgonjwa.

Jioni hiyo Roseline aliketi karibu na mumewe, na hakumtania. Hilo peke yake lilimtisha.

“Jaduong’,” alimwita, yaani mzee, jina analolitumia kwa mambo mazito. “Nimeongea na Nabalayo. Jumamosi anakuja kuchukua kerezo. Kitakachopatikana tununue cherehani ya umeme, nimalize majoho. Ya mama…” akaitazama ile nyeusi yenye maua, machozi yakamjaa. “Ya mama nitaiwekea maua, kama walivyosema.”

Sylvance alihisi kama amerudishwa nyuma ya wavu. Lakini angesema nini? Cherehani ndiyo iliyomlisha siku mshahara wa reli ulipochelewa. Kerezo lilikuwa limempa Ndindi vishikio vya makabati tofauti.

“Nipe mpaka Jumamosi hiyo,” alisema. “Bushi ni kipande cha shaba tu, na mimi nina mashine ya kukereza. Nikikupa bushi inayokaa, kerezo libaki. Isipokaa, nitamsaidia Nabalayo kulipandisha kwenye mkokoteni mimi mwenyewe.”

“Inayokaa, Baba Clare. Si ya kabati.”

“Inayokaa.”

Kijipete kama hicho hakikadiriwi kwa jicho. Kikizidi hakiingii, kikipungua kinacheza, na umerudi pale pale. Alihitaji namba za kweli, alama zilizogawanywa na mtu asiyekosea. Alikaa sebuleni akikuna kichwa, akatazama juu ya televisheni, na saa ya kustaafu ikamtazama. Alama sitini. Sawasawa kabisa. Zimegawanywa kiwandani!

Roseline aliporudi kutoka kwa Ndindi alikuta ukuta una msumari tu.

“Mama yangu! Saa?”

“Hatimaye imepata kazi,” Sylvance alisema kutoka uani.

Na kwa haki yake, ulikuwa ubunifu wa kupendeza. Alitoa mashine ya ndani, akafunga ule uso mweupe nyuma ya mkono wa kerezo, usizunguke. Kisha akachukua njiti ya mwavuli, akaikata, akaibana kwa skrubu ndogo kwenye mhimili wa mkono ule. Ukizungusha mkono, njiti inazunguka juu ya namba kama mshale wa saa, na kisu kinaingia ndani ya chuma. Akajaribu kwenye vyuma vya kutupa, akipima kwa kipimo alichoazima kwa Nabalayo, mpaka akaijua mashine yake: mshale ukisogea alama moja, chuma kinapungua unene wa karatasi moja ya daftari. Alama moja, karatasi moja! Aliruka-ruka uani kama ndama. Akamwita Ndindi aone. Ndindi akaona, akasema ni nzuri, akauliza kama sasa anaweza kurudisha vishikio vyake vikerezwe upya.

Jumamosi asubuhi jua likapiga Jericho vizuri, redio za majirani zikiwa juu. Sylvance alikuwa na kipande cha shaba, urefu wa kutosha bushi mbili, si zaidi. Akakereza nje, akatoboa ndani, akapima. Kilichobaki kupunguzwa kilikuwa karatasi kumi kamili. Kwenye uso wa saa, kutoka kumi na mbili juu mpaka kwenye mbili, ni alama kumi. Akaweka mshale juu, kwenye kumi na mbili.

Shida ilikuwa moja. Sylvance alikuwa amekaa stoo maisha yake yote akiwafokea mafundi wavae miwani ya kinga, na hangeweza sasa kukereza bila kuvaa. Yake ilikuwa ya pikipiki, imekwaruzwa mpaka dunia nzima inaonekana imo ndani ya ukungu. Kisu na shaba aliviona kwa kuinama, pua karibu iguse. Namba hakuziona hata moja.

“Nyar Gem, njoo unisomee.”

Roseline alikuja akifuta mikono, akasimama mbele ya uso wa saa.

“Nitakuwa nasogeza kidogo kidogo. Wewe angalia mshale. Ukifika mbili, niambie basi.”

“Mbili.”

“Mbili. Usinipitishe, na usinikatize.”

“Baba Clare, mimi nimeshona vifungo kabla hujui kufunga viatu. Zungusha.”

Akazungusha. Shaba ikalia vizuri, maganda ya njano yakaanza kudondoka. Akakata, akarudisha kisu, akaongeza kidogo, akakata tena.

“Bado?”

“Bado.”

Akaongeza.

“Bado?”

“Bado kabisa.”

Sylvance alianza kuona ajabu, maana mkono wake ulimwambia amesogea sana. Lakini alijiambia mkono ni wa karani, na uso wa saa ni wa kiwandani, na Roseline hajawahi kukosea hata tundu la kifungo. Mtu mwingine angesimamisha mashine apime. Yeye hakupima. Kupima katikati aliona ni kama kumpekua mtoto wako mwenyewe mfukoni. Akaongeza.

“Bado?”

“Inakaribia… inakaribia… basi! Saa mbili kamili, mzee, juu ya alama!”

Alizima mashine, akavua miwani. Kile kijipete kilikuwa kimebaki chembamba kama ganda la kitunguu. Alipokigusa kikapindana.

“Woi!” alisema. “Nyar Gem! Nimesema mbili!”

“Na hiyo ni nini?” Roseline alinyoosha kidole. Mshale ulikuwa umelala juu ya nane, umenyooka, hauna wasiwasi.

“Hiyo ni nane!”

“Hiyo ni saa mbili.”

“Imeandikwa nane!”

“Mimi sisomi kilichoandikwa, mimi nasoma saa! Tangu lini mshale ukiwa hapo watu wakasema saa nane? Saa nane ni pale,” akaonyesha kwenye mbili. “Tulipita hapo zamani, nikanyamaza, maana hukuniuliza saa nane.”

“Mama Clare, hii si saa! Hiki ni kipimo!”

“Kina namba kumi na mbili, kina mshale, kimetoka ukutani kwangu, na si saa?”

Shetani wa ubishi akampanda Sylvance. Akafungua geti la uani, akamwita Ndindi. “Ndindi, tazama. Mshale uko wapi?”

Ndindi akatazama, kicha cha sukuma mkononi. “Saa mbili. Kwani mnangoja mtu?”

Wakati huo huo akaingia Shire, Msomali wa vitambaa kutoka Eastleigh, aliyekuja kuleta zambarau ya kuongezea mikono ya majoho. Mtu wa heshima, asiyependelea upande. Sylvance akamshika mkono kabla hata salamu hazijaisha. “Ndugu yangu Shire, soma hapa, kwa haki.”

Shire akasogeza kofia, akasoma kwa makini, akatazama jua, akatazama tena. “Saa mbili. Lakini saa yenu inachelewa, sasa ni karibu saa nne.”

Hata kijana wa boda boda aliyekuwa akipita alichungulia getini bila kuitwa. “Saa mbili, buda! Niaje, imezima?”

Roseline alikunja mikono tu, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko maneno yote. Sylvance aliwatazama mmoja mmoja, Jericho yote imemgeuka, akatazama mshale, na kicheko kikamtoka kwa nguvu mpaka akalazimika kushika kerezo. Ndindi akacheka. Shire, ambaye hakujua kinachochekwa, akacheka kwa adabu. Roseline akashikilia kwa muda, kisha naye akapasuka, akajifuta machozi kwa leso.

Kisha kicheko kikaisha, maana kila kicheko huisha, na ile shaba iliyopindana ilikuwa bado iko pale. Kilikuwa kimebaki kipande cha bushi moja tu. Nabalayo alikuwa njiani. Ndani, majoho yalikuwa yamelala kitandani bila mikono. Shire akaweka kitambaa chake polepole akaaga. Ndindi akakumbuka sukuma zake.

“Andika namba upya,” Roseline alisema, sauti imeshuka.

“Kuandika ni rangi, na rangi ikauke. Hatuna muda huo. Wewe sema tu kilichoandikwa. Ukiona mbili iliyoandikwa, useme.”

“Nitajaribu. Lakini nakuambia ukweli, Baba Clare, macho yangu yakiona saa yanasoma saa. Nikibabaika tena?” Akaketi kwenye kigoda, amechoka. Halafu, kwa ule ukaidi wa mtu aliyeshinda kesi asifaidike, akaongeza: “Na hata hivyo kosa ni lako. Nani anaanza kazi saa sita?”

“Nani ameanza saa sita?”

“Si wewe umeweka mshale juu kabisa? Juu ni saa sita, mchana kati, watu wanakula. Halafu unataka nikupeleke saa mbili. Lazima tupite alasiri yote, jua litue, tule na chakula cha jioni, ndiyo tufike saa mbili ya usiku! Ndiyo maana nilikuwa nasema bado. Mtu mwenye akili anaanza siku saa kumi na mbili asubuhi. Saa moja anakunywa chai. Saa mbili yuko kazini. Ni karibu hivyo.”

Sylvance alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini.

“Rudia.”

“Nirudie nini? Chai?”

“Siku inaanza wapi?”

“Saa kumi na mbili.”

“Nionyeshe.”

Roseline akainuka, akaweka kidole chini kabisa ya uso wa saa, kwenye sita.

Sylvance akahesabu kimoyomoyo. Kutoka hapo mpaka kwenye saba, alama tano: saa moja. Mpaka kwenye nane, alama kumi: saa mbili. Kumi! Moja yake ndiyo moja yangu, alijiambia, na mbili yake ndiyo mbili yangu, mradi nianzie pale anapoamkia. Hakuna rangi wala namba ya kubadilisha. Alichukua bisibisi, akalegeza ile skrubu ndogo, akaugeuza mshale nusu duara mpaka ukaelekea chini, akakaza.

“Nyar Gem,” alisema, “miaka yote nimekuoa, na bado sijakumaliza.”

“Acha maneno. Nabalayo anakuja.”

Kipande cha mwisho kikafungwa. Akakereza, akatoboa, akapima: karatasi kumi zimebaki. Mshale chini, saa kumi na mbili alfajiri. Akavaa miwani ya ukungu, akainama.

“Twende,” alisema. “Siku imeanza.”

“Zungusha.”

Shaba ikalia.

“Bado?”

“Jogoo ndiyo anawika.”

Akaongeza.

“Bado?”

“Saa moja. Chai.”

Akakata, akarudisha, akaongeza kwa upole, kama mtu anayefunga mlango asiamshe mtoto.

“Bado?”

“Saa mbili kasorobo… kasoro kidogo… kasoro kidogo sana… pole pole, mzee… Basi! Saa mbili!”

Alizima. Hakuvua miwani mara moja, aliogopa. Nje, huko barabarani, magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yanasikika yakigonga mashimo, na juu yake kicheko cha Nabalayo akimtania mtu. Roseline akachukua bushi ikiwa bado ya moto, akaipuliza, akaingia nayo ndani mbio. Sylvance akamfuata na nyundo ya mbao. Aliiweka bushi mahali pake. Haikuingia kwa kidole; akaigonga mara moja, polepole, ikaingia kwa shingo upande, ikakaa. Aliushika mhimili akautikisa. Haukutikisika.

Roseline akaketi, akatunga uzi, akaweka joho la zambarau chini ya sindano, akaweka mguu kwenye kanyagio. Hakukanyaga. Alikaa hivyo hivyo, kiganja juu ya yale maua yaliyofifia.

“Kanyaga, Mama Clare,” Sylvance alimwambia kwa sauti ndogo.

Akakanyaga.

Nabalayo alifika mlangoni na vijana wake wawili wa mkokoteni, akavuta pumzi ya kubisha hodi, akaisikia: taka-taka-taka-taka. Ukutani kwa upande wa pili Ndindi alikuwa ameshaanza kupiga vigelegele bila hata kuuliza habari. Nabalayo akasukuma mlango taratibu. Alimkuta Roseline ameinama, mshono unatiririka, na Sylvance amesimama nyuma yake na miwani ya pikipiki kwenye paji la uso, analia kama mtu aliyekata vitunguu, wala hajifichi.

“Mama Clare,” Nabalayo alisema, “nimekuja kuchukua ile mashine isiyofanya kazi.”

Roseline alimaliza mkunjo kwanza, akakata uzi kwa meno.

“Zinafanya kazi.”

“Ipi?”

“Zote mbili.”

Sylvance akajifuta macho kwa mkono wa shati, grisi ikampaka shavuni. “Mbili ipi, Nyar Gem?” aliuliza. “Yangu au yako?”

“Kwani bado unauliza?” Roseline alisema, akavuta joho lingine. “Nabalayo, keti. Huyo mzee atakuletea chai. Na mkokoteni usiende; kesho saa mbili utatupelekea majoho kanisani.”